Sisi Tusioenda Popote

Kila shule zinapofunguliwa baada ya likizo ndefu, mwalimu wa Kiswahili huandika ubaoni mada ileile: "Eleza safari uliyoifanya wakati wa likizo." Niliikuta mada hiyo nilipoanza sekondari, ikanifuata mpaka nilipomaliza, na chuoni nimeikuta tena, safari hii imevaa suti na tai: "Jadili umuhimu wa utalii wa familia ukirejelea safari yako mwenyewe." Nasema waziwazi kwamba mada hii ni mbaya na inafaa kustaafishwa. Sarufi yake ni safi. Ubaya wake ni kwamba inamfundisha kijana kuamini kuwa asipoondoka nyumbani, hakuna lililotokea.

Mimi ni mtu wa Gisenyi. Katika karatasi za utawala mji wetu uko ndani ya Wilaya ya Rubavu, lakini midomoni mwetu bado ni Gisenyi. Ni mji ambao watu wengine huujia wakati wa likizo. Ikifika Julai, magari ya Kigali hujaa barabara ya ziwani, watoto wa watu hukimbilia mchangani, wazazi wao hukaa kivulini wakisubiri samaki na mishikaki. Wakirudi shuleni, watoto hao wana cha kuandika: ufuo wa Gisenyi, upepo wa Kivu, jua linavyozama upande wa Kongo.

Sasa fikiria mtoto wa Gisenyi aliyekaa dawati la pili. Yeye aandike nini? Ziwa hilo analiona kila anapotumwa sokoni. Jua hilo linamzamia kila jioni akichota maji. Hana hoteli ya kuisimulia. Basi anafanya kile ambacho wengi wetu tumewaona wenzetu wakifanya: anapanda ndege ambayo hajawahi kuikaribia, anashuka Mombasa, anaogelea kwenye maji ya chumvi aliyoyasoma kitabuni, anakula chakula asichojua ladha yake. Insha inarudi na alama nzuri na maneno "Hongera, una ubunifu." Lakini ubunifu gani huo? Ameiga insha ya mfano iliyomo kitabuni. Ubunifu wa kweli ulikuwa nyumbani kwao miezi miwili yote, na hakuna aliyemuuliza.

Kabla sijaeleweka vibaya, sina ugomvi na utalii. Unalisha watu wa kwetu: waendesha mashua, wapishi, mafundi, madereva, vijana wanaowaongoza wageni kwenye njia ya Congo Nile, ile inayoanza kwetu Rubavu na kwenda kilomita 227 kando ya ziwa mpaka Rusizi. Mgeni aje, aone, alipe, aende salama. Ugomvi wangu ni na sisi wenyeji tulioazima macho ya mgeni na kuyatumia kuangalia nyumba zetu wenyewe. Mgeni anaona kizuri pale palipo na tiketi. Na sisi sasa hatuoni kitu mpaka kikatiwe tiketi.

Mfano wa kwanza uko karibu sana nasi. Tangu mwaka 2005 kuna sherehe kubwa ya kuwapa majina watoto wa sokwe wa milimani, inayoitwa Kwita Izina. Inafanyika Kinigi, si mbali na Gisenyi, na watu mashuhuri kutoka pande zote za dunia wamealikwa kutoa majina. Sherehe hiyo ni nzuri, lakini imezaliwa wapi? Imetoka nyumbani. Mnyarwanda akizaliwa, siku ya nane watoto wa jirani huitwa, hupewa chakula, kisha kila mmoja hupendekeza jina la mtoto mchanga. Mtoto wa miaka sita anaulizwa: huyu tumwite nani, na kwa nini? Hilo ni somo la lugha. Jina la Kinyarwanda mara nyingi ni sentensi nzima, na mtoto huyo mdogo anaitunga mbele ya watu wazima, chakula kikiwa bado mdomoni. Wanafunzi wenzangu wanaweza kuwataja watu maarufu waliowapa sokwe majina. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuandika insha kuhusu majina yaliyopendekezwa na kukataliwa siku alipopewa jina mdogo wao?

Mfano wa pili ni Umuganura, sikukuu ya mavuno. Utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku mwaka 1925. Serikali ikaifufua mwaka 2011, na sasa husherehekewa kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Hapo katikati kuna miaka 86. Tukisoma habari hii darasani tunazungumza juu ya wafalme, wakoloni na sherehe za ikulu. Nani anauliza jinsi ujuzi wenyewe ulivyovuka miaka hiyo yote? Amri inaweza kufuta sherehe ya mfalme, lakini mtama haukuacha kuiva. Mtu fulani aliendelea kujua siku ya kuuloweka, namna ya kuuotesha, kuuanika na kuusaga, na wakati gani uji unageuka kuwa pombe. Mtu huyo hakuwa na cheo. Alikuwa bibi wa mtu, nyuma ya nyumba, na mjukuu amekaa karibu naye. Sikukuu iliporudi mwaka 2011, ilikuta chakula chake bado kinajulikana, kwa sababu nyumba zilikuwa zimekitunza bila kuagizwa na yeyote.

Hapa pana jambo ambalo walimu wetu wangefaa kuliona. Mwaka 2021 kalenda ya shule ilibadilishwa, masomo yakawa yanaanza Septemba na kumalizika Julai. Kwa hiyo likizo ndefu, ambayo zamani iliangukia mwisho wa mwaka wakati wa mvua, sasa imeangukia kiangazi, na ndani yake imo Umuganura. Kalenda imetupatia bahati ambayo wakubwa wetu hawakuipata: mwanafunzi yuko nyumbani hasa wakati wa mtama na karamu ya mavuno. Halafu Septemba tunamuuliza alikwenda hoteli gani.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya nyumbani ni mila za kale, na kwamba kijana wa leo hana haja nazo. Wengine watasema kinyume chake: kwamba yanayofanyika Gisenyi si mila halisi, kwa sababu mji wetu ni wa mpakani, umechanganyika, una Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na muziki wa Kongo kwenye sahani moja. Nawajibu wote wawili kwa samaki mmoja.

Ukimuuliza mtu yeyote chakula cha asili cha Gisenyi, atakutajia isambaza, wale dagaa wadogo wa Ziwa Kivu wanaokaangwa mpaka wakakauka. Lakini isambaza si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapo wazee kwetu walio na umri mkubwa kuliko samaki huyo wa "asili". Samaki aliingia ziwani, na watu wa kandokando ya ziwa wakakaa chini wakabuni: avuliwe vipi usiku kwa taa, aanikwe juu ya nini, aliwe na nini. Leo tunamwita wa kwetu, na ni wa kwetu kweli. Hivyo ndivyo mila inavyotengenezwa. Haishuki kutoka makumbusho. Inapikwa, inaonjwa, inarekebishwa, na mtoto akiikuta mezani anadhani ilikuwapo tangu mwanzo wa dunia.

Na wavuvi wenyewe je? Jioni mashua zao hutoka tatu tatu, zimefungwa pamoja kwa nguzo ndefu, na wavuvi huimba wanapopiga makasia. Mgeni aliyekaa ufuoni hutoa simu na kuchukua video. Ana haki, ni kitu kizuri. Lakini mtoto wa mvuvi anajua lile ambalo simu haioni: wimbo huo ndio unaowafanya watu wa mashua tatu wavute kwa pamoja. Anajua nani huanzisha na nani hupokea. Anajua pia kwa nini kila mwaka kuna kipindi ambacho sauti hizo hunyamaza, kwa sababu uvuvi husimamishwa ili samaki wazaane, na kipindi hicho nyumba yao inakula nini. Mtoto huyo angeweza kutuandikia insha ambayo hata mhadhiri asingeweza kuiandika. Badala yake ameandika kuhusu bwawa la kuogelea.

Twende sasa kwenye safari zenyewe, maana nisije nikaambiwa kwamba watu wa Gisenyi hawasafiri. Tunasafiri sana. Tunavuka. Familia nyingi za kwetu zina shangazi, mjomba au mama mdogo ng'ambo ya mpaka, Goma, mahali ambapo unaweza kufika kwa miguu kabla chai haijapoa. Kabla ya janga la korona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita kila siku kwenye kile kivuko tunachokiita Petite Barrière. Safari ya namna hiyo haina sanduku la magurudumu, lakini ina maandalizi kuliko ya ndege. Unabeba nini? Viazi na maharage vya huku, kwa sababu huendi kwa shangazi mikono mitupu. Unarudi na nini? Kitenge, habari, na maneno mapya ya Kiswahili ambayo mwalimu atayapigia mstari mwekundu.

Na mpaka huo si mchezo. Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya korona, na watu waliozoea kuamkiana kila wiki wakabaki kupigiana simu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, watu wa Goma wakakimbilia kwetu usiku, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba zetu wenyewe. Januari 2025 mapigano yalipofika Goma, watu walivuka tena wakitafuta usalama. Mtoto wa Gisenyi amewaona jamaa wakifika na godoro kichwani, ameona mama akiongeza maji kwenye sufuria ili chakula kitoshe watu kumi na wawili badala ya watano. Huyo ndiye tunayemwambia kwamba hana safari ya kusimulia?

Sasa niseme juu ya lugha, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa Kiswahili na jambo hili linatugusa moja kwa moja. Usiku wa likizo, wajukuu wakikutana, kuna vitendawili. Mmoja anaanza kwa Kinyarwanda: "Sakwe sakwe!" Wenzake wanajibu: "Soma!" Anatega: "Sogokuru aryoha aboze." Jibu ni ndizi mbivu: babu ambaye utamu wake huja akishaoza. Binamu aliyetoka Goma hakulielewa, kwa hiyo linageuzwa: "Kitendawili!" "Tega!" "Babu yangu mtamu akioza." Hapo ugomvi unaanza. Mmoja anasema babu hawezi kusemwa kuwa ameoza, ni kukosa adabu. Mwingine anasema tukiweka "akiiva" kitendawili kinakufa, kwa sababu jibu limeshaonekana. Wa tatu anapendekeza "akizeeka", na bibi anacheka mpaka anashika ubavu, kwa sababu sasa kitendawili kinamhusu mumewe.

Nawauliza walimu wetu: hilo ni nini kama si somo la tafsiri? Maana, adabu, taswira, hadhira, vyote vimejadiliwa na watoto waliofunikwa shuka moja. Chuoni tutafundishwa mambo hayohayo kwa istilahi nzito, na mifano itatoka mbali.

Tusisahau Kiswahili kilikotoka katika nchi hii. Kwa muda mrefu kilidharauliwa kama lugha ya sokoni, ya kambini, ya vitongoji vya Waislamu na ya wajanja wa mjini. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kabla ya sheria hiyo nani alikihifadhi? Ni nyumba za Majengo na Mbugangari kwetu Gisenyi, ni Biryogo na Nyamirambo kule Kigali, ni wanawake waliouza na kununua mpakani kila alfajiri. Kiswahili kiliishi Rwanda kwa sababu kilikuwa lugha ya nyumbani na ya riziki. Tukikifundisha kama lugha ya kusimulia hoteli peke yake, tutakuwa na lugha rasmi isiyo na mahali pa kulala. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na sisi tumeuacha mbacha wetu mlangoni ili wageni wasiuone.

Najua pingamizi zitakazokuja. La kwanza ni lile la "tembea uone." Hata Wanyarwanda husema kwamba kindege kisichoruka hakijui mavuno yako wapi. Nakubali kabisa. Lakini kindege huruka kutafuta punje, kisha hurudi kwenye kiota. Hakiruki ili kiandike insha kwamba kiota hakina maana.

La pili ni zito zaidi: kwamba ninaupamba umaskini, na kwamba watu hukaa nyumbani kwa sababu hawana nauli, si kwa kupenda mila. Ni kweli, familia nyingi hazina nauli. Ndiyo maana hasa mada ile ni ya kidhalimu. Inampima mwanafunzi kwa mfuko wa baba yake na kumpa alama za lugha. Mwanafunzi asiye na nauli hajakosa cha kusema. Amekosa swali analoweza kulijibu bila kudanganya.

La tatu nitalitaja mwenyewe kabla hamjalitaja, kwa sababu dada zangu wangenicheka nikilinyamazia. Hiki ninachokiita ubunifu wa nyumbani, kwa msichana mara nyingi kinaitwa kazi. Kaka yake anachonga chukudu ndogo ya mbao, kigari cha magurudumu mawili kama kile kikubwa kilichojengewa sanamu mjini Goma, na anasifiwa kwa akili. Yeye anapika, anafua, anabeba mtoto, na akisuka kikapu cha agaseke anasuka baada ya vyombo vyote kuoshwa. Sitaki neno "utamaduni" liwe sukari ya kumfungia msichana jikoni. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kunyamaza. Agaseke limewekwa kwenye nembo ya taifa ya mwaka 2001, pamoja na shuke la mtama. Tumeona heshima ya kuliweka kikapu kwenye nembo na hatujaona haja ya kuuliza kinasukwa saa ngapi, na nani, na nani wakati huo amepumzika. Wasichana wakiandika likizo zao kama zilivyokuwa, baadhi ya insha zitakuwa za furaha na nyingine zitakuwa mashtaka. Zote mbili tunazihitaji.

Mwishoni mwa 2024 UNESCO iliiingiza ngoma ya Intore kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Tulishangilia. Lakini orodha hailei mtoto. Mtu anayecheza vizuri jukwaani alianza mahali fulani kwa kuiga mikono ya mjomba wake kwenye harusi, akachekwa, akarudia tena. Tukisubiri kila kitu cha kwetu kithibitishwe na kamati ya mbali ndipo tukiandike, vingi vitakufa wakati kamati ikiwa bado mkutanoni.

Basi ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Walimu wetu, badilisheni swali. Ulizeni: "Taja kitu kimoja kilichotengenezwa, kilichopikwa, kilichoimbwa au kilichosimuliwa kwenu likizo hii, na ueleze hatua kwa hatua kilivyofanyika na nani alikifanya." Aliyekwenda Mombasa atajibu kwa kuandika juu ya waliompikia huko. Aliyebaki Mbugangari atajibu pia. Mkikutana na neno la Kinyarwanda au la Kiswahili cha Goma ambalo halimo kwenye kamusi, msilipigie mstari kabla ya kuuliza maana yake.

Nanyi wanafunzi wenzangu, acheni kupanda ndege za kubuni. Likizo ijayo kaeni na bibi siku moja nzima, daftari mkononi, mumwombe ruhusa kwanza, muulize kila hatua ya kazi anayoifanya, kisha mumsaidie mpaka iishe. Mlete kitendawili kimoja kilichokataa kutafsirika. Wahenga walituambia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika madarasa yetu, mpaka leo, mcheza kwao hupewa nusu ya alama na kuambiwa safari ijayo ajitahidi kwenda mahali.

Umuganura utakuja tena Agosti, na sisi wa Gisenyi tutakuwapo nyumbani. Septemba tukirudi, tuulizeni swali jingine.